Ganzi ya mkono usiku: wekeni huo mpira wa kuminya pembeni kwanza

Kama huwa unaamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi, unaukung'uta kung'uta mpaka inapungua halafu unalala tena, naomba unisikilize, maana nimeishi hivyo miezi na miezi nikijiambia nimeulalia vibaya. Kumbe ni kapali taneli, yaani neva (mshipa wa fahamu) kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na huko kukung'uta mkono ni dalili ambayo madaktari wanaijua vizuri na wanaiulizia kabisa.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, chini na pembeni ni mifupa, juu ni ukanda mgumu usiovutika, na humo ndani zimepita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kukiwa na uvimbe humo hakuna pa kutanukia, kwahiyo inabanwa neva. Ndo maana ganzi inashika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ila cha mwisho kinabaki salama. Kama kwako kinachokufa ganzi ni hicho cha mwisho basi inawezekana ni neva nyingine, mara nyingi ile inayopita kwenye kiwiko, usifuate haya ninayosema.

Sasa mimi maoni yangu ni kwamba watu tunahangaika sana na mchana, mara kibodi, mara simu, wakati neva inaumizwa sana tukiwa tumelala. Mtu usingizini anakunja mkono kwa ndani, anauweka chini ya shavu, masaa yote hayo njia imebanwa. Kilichonisaidia mimi kuliko vyote ni splinti ya kulalia, kile kifaa cha kuvaa mkononi kinachoshika kifundo kikae kimenyooka, kisipinde mbele wala nyuma. Siku za kwanza inakera kweli na wengi wanaivua hapo hapo, jamani vumilieni, ipeni wiki kadhaa ndo mseme haifanyi kazi.

Na ule mpira wa kuminya minya kila mtu anaokushauri, uache kwanza. Shida yako sio mkono kukosa nguvu, kuminya kwa nguvu kunazidisha presha humo humo kwenye njia iliyojaa. Zoezi linalofaa ni la kutelezesha kano: nyoosha vidole vyote vielekee juu, kunja ncha tu viwe kama ndoano, nyoosha, funga ngumi kamili, nyoosha, halafu kunja vidole pale vinapoanzia vikae kama bapa la meza, nyoosha tena. Polepole, mara 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku. Ukisikia ganzi inaongezeka umezidisha, punguza. Lisikuumize hata kidogo.

Mchana kikubwa ni kutokaa na kifundo kimepinda muda mrefu, na kupumzisha mkono kabla haujaanza kulalamika. Ukishika kitu usikikabe kuliko kinavyohitaji. Wanaotumia mashine zinazotetemeka ndo wana kazi kubwa zaidi, hapo zoezi peke yake halitoshi, inabidi kupunguza masaa.

Halafu kuna kitu hakisemwi vya kutosha, kwamba ganzi hii wakati mwingine inatoka mbali na mkono. Kisukari, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, baridi yabisi, uzito kuzidi, vyote vinachangia, na wajawazito wengi inawapata kwa sababu ya maji kujaa mwilini ila mara nyingi inaisha baada ya kujifungua. Kwahiyo pima, hasa kama ni mikono yote miwili.

Na usiku huu weka viganja vyako viwili pamoja kwenye mwanga, angalia ule mnofu chini ya kidole gumba. Kama upande mmoja umesinyaa, au umeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, au ganzi haiondoki tena mchana kutwa, hapo mambo ya splinti na mazoezi yamepitwa, nenda hospitali wakapime neva, kuna sindano na kuna upasuaji mdogo wa kukata ule ukanda, na neva ikichelewa sana mnofu ule unaweza usirudi.