Mgonjwa wa Pemba anataka namba moja

Assalaam alaykum jamani. Kila nikiona picha za uzinduzi wa mfumo mpya wa afya huko nyumbani, tableti mpya, kompyuta bado zina nailoni, nafurahi kwa kweli, lakini swali langu huwa moja tu, je huo mfumo unazungumza na ule wa mwaka jana? Mimi kwetu Wete, naishi Uingereza miaka mingi sasa, na kama kuna kitu ningeomba tukichukue huku tukipeleke kwetu basi si mashine wala majengo, ni makubaliano. Watu wakae wakubaliane kwanza mgonjwa anatambulikaje, ugonjwa unaandikwaje, kipimo kinaandikwaje, halafu ndo wanunue kompyuta.

Huku England mtoto akizaliwa anapewa namba ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, tarakimu 10, na ile ya mwisho inatokana na hesabu ya zile tisa za mwanzo, kwa hiyo karani akikosea kuandika kompyuta inamkamata hapo hapo. Mgeni kama mimi unaipata ukijiandikisha kwa daktari wa mtaani. Nikiumwa mji mwengine kabisa, hospitali wanaingiza namba wanaona dawa ninazotumia na dawa zinazonidhuru. Sasa rudi kwetu. Mtu anaitwa Mohamed Ali Khamis. Mapokezi huyu kamuandika Muhammed, yule kaandika Moh'd, wa tatu kaandika Hamis bila ya K, na Wete peke yake akina Mohamed Ali Khamis wako wangapi? Mzee mwenyewe tarehe ya kuzaliwa haijui, anakwambia Mapinduzi yalinikuta nachunga ng'ombe, basi karani anamwekea 1 Januari na mwaka wa kukisia. Ukija kulitafuta faili lake kwa jina na tarehe ama unapata watu chungu nzima ama hupati mtu, unamfungulia jipya, na dawa iliyomdhuru Chake hakuna anaeijua hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja.

Lakini lililonitia uchungu zaidi ni la sukari. Mama ana mashine ya kupimia nyumbani aliyoletewa kutoka huku, asubuhi inamwonesha 8, siku nyengine 9. Siku hiyo kaenda kupimwa kituo kimoja, kurudi na karatasi imeandikwa 162, namba tupu, mbele yake hakuna kitu. Dada kaona 9 imekuwa 162, nyumba nzima roho juu, ami keshaanza kuulizia boti ya kwenda Unguja, huku kwenye simu kila mtu anasema lake. Mpaka binamu yetu ambae ni nesi akasema hebu gawanyeni kwa 18. Mkigawa mnapata 9. Sukari ile ile! Mashine ya mama inasoma kwa mmol/L kama wanavyotumia Uingereza, ya kituo inasoma kwa mg/dL kama wanavyotumia Marekani, na mtu kidogo abebwe usiku kwa sababu ya herufi nne ambazo hazikuandikwa. Sasa chukua hizo namba mbili uziingize kwenye mfumo bila ya kipimo chake, kompyuta haina akili ya kuuliza, itazijumlisha tu, na daktari ataepokea hiyo ripoti ataiamini.

Na haya mambo hatutakiwi tuyavumbue sisi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa, ICD-11, imeanza kutumika rasmi Januari 2022, kila ugonjwa una kodi (code) yake, yaani alama yake ya kuutambulisha, ukiandika kodi hiyo Micheweni inasomeka vile vile Oslo. Vipimo vya maabara vina kodi za LOINC tangu 1994, na humo sukari inayopimwa kwa mmol na inayopimwa kwa mg kila moja ina kodi yake mbali, tena kutumia ni bure. Kupitisha taarifa kutoka mfumo mmoja kwenda mwengine kuna kanuni za kimataifa zinaitwa FHIR, nazo bure. Programu ya DHIS2 ambayo Zanzibar tunakusanyia takwimu za vituo imetoka Chuo Kikuu cha Oslo, bure pia. Vifaa vipo, tunachokosa ni mtu mwenye mamlaka aseme kuanzia leo sote tunaandika hivi.

Nisije nikaeleweka kuwa huku ni peponi. Mwaka 2002 walianzisha mradi mkubwa wa kompyuta za NHS wakitaka kila kitu kitoke juu kwa pamoja, mabilioni ya pauni yakaingia, na 2011 serikali ikatangaza inauvunja. Mpaka leo ukihamia Scotland unapewa namba nyengine. Sisi tuna bahati, tu wachache, kwa sensa ya 2022 hata milioni 2 hatujafika. Kitambulisho cha Mzanzibari kipo. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao mpaka shehia za ndani kabisa, Mfuko wa Huduma za Afya upo. Kila kimoja kati ya hivi kikiwa na namba yake ya mgonjwa tumeshindwa kabla hatujaanza.

Halafu kuna bahari. Afya si jambo la Muungano, tuna wizara yetu na bara wana yao, lakini mgonjwa wa Wete anapelekwa Mnazi Mmoja, ikishindikana Muhimbili, na kinachosafiri nae mpaka leo ni bahasha ya khaki kwapani, ikirowa kwenye boti basi. Wizara mbili zisipokubaliana mgonjwa huyo anaanza upya bandarini.

Kwa wa wizarani mtakaosoma, mkataba wa mfumo ujao, uwe wa wafadhili au wa pesa zetu, muuzaji asieweza kutoa na kupokea taarifa kwa FHIR asipewe tenda, na kila aliefungua faili la mtu jina lake libaki humo, maana visiwa vyetu vidogo na tunajuana. Na nyie mlioko Mkoani, Chake, Micheweni, mara ya mwisho mlipokwenda hospitali mlitajiwa namba gani, ya kitambulisho, ya faili au ya simu? Niandikieni nijue.