Baharia akifa meli ikizama, nani analipa?

Baharia akifa kwenye meli ya nje, anayefika matangani mara nyingi ni wakala aliyemwandikisha kazi. Ana bahasha, ana "kazi ya Mungu haina makosa", na pengine ana karatasi ya kutia sahihi. Rambirambi pokeeni. Karatasi ingoje mpaka mkataba wa ajira wa marehemu usomwe.

Fidia ya kifo iliyomo kwenye mkataba huo haidai mtu athibitishe uzembe. Kwa meli zilizo chini ya sheria ya kimataifa ya kazi za baharini ya 2006 (Kenya iliiridhia 2014, Tanzania 2019), kifo kikitokana na kazi mwenye meli anawajibika, hata kama ni dhoruba. Tangu Januari 2017 meli hizo sharti zibandike cheti cha dhamana ya fedha mahali mabaharia wanapokiona. Jina na anwani ya kampuni ya bima vimo humo, na wategemezi wanaweza kuidai moja kwa moja. Vyeti ni viwili: kimoja cha mabaharia kutelekezwa, kingine cha kifo na ulemavu. Hicho cha pili kipigwe picha siku ya kupanda meli na kitumwe nyumbani pamoja na mkataba, kwa sababu meli ikizama nacho kinazama.

Kasoro ni kwamba sheria hiyo haitaji kiasi. Ufilipino wamekiandika kwenye mkataba wa serikali: dola 50,000, na 7,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 21, wasizidi wanne. Sioni kwa nini Mombasa au Zanzibar baharia aondoke na karatasi inayotaja mshahara tu.

Kiasi kilichoandikwa kinatakiwa kilipwe chote, bila kucheleweshwa, bila familia kusukumwa ikubali pungufu. Kukipokea hakufuti haki ya kushtaki uzembe, ila kitakatwa kwenye fidia ya mahakama. Karatasi inayosema "hatutadai tena" inafaa isomwe na wakili kwanza.

Kesi ya uzembe ina vita vyake. Meli ya mizigo ya Marekani, El Faro, ilizama kwenye kimbunga Joaquin tarehe 1 Oktoba 2015, wakafa watu 33. Mwezi haujaisha, wenye meli walikuwa mahakamani Marekani na sheria ya 1851, inayomruhusu mwenye meli aombe dhima yake ipunguzwe. Kinga hiyo huanguka ikithibitika kwamba alijua ubovu uliosababisha ajali, kwa hiyo ujumbe wa baharia kuhusu pampu mbovu au boti ya kuokolea iliyooza usifutwe kwenye simu.

Mwili usipopatikana, Kenya dhana ya kifo, yaani sheria kumhesabu mtu amekufa, huja baada ya miaka 7 bila habari. Familia isikae kungoja: iombe orodha ya wafanyakazi wa meli, ripoti ya ajali na maelezo ya walionusurika, iende navyo mahakamani.

Mabaharia wa majahazi sheria ya 2006 imewaacha nje waziwazi, pamoja na wavuvi. Kenya wategemezi wao wanabaki na sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007, ambayo kwa kifo hutoa mapato ya miezi 96. Lakini mapato yapi, ikiwa jahazini watu hulipwa kwa mafungu na hakuna hati ya mshahara? Nahodha aandike mgao wa kila safari daftarini, na nakala ibaki bara.