Vipimo vya sayari za mbali: kukusanya au kukokotoa upya?

Sayari ya mbali, yaani inayozunguka nyota nyingine badala ya Jua letu, ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo. HD 209458 b, sayari ya kwanza kuonekana ikipita hivyo, mwaka 1999, hupunguza takriban asilimia 1.5. Upungufu huo hutupa uwiano wa kipenyo cha sayari na kile cha nyota, basi. Ukubwa wenyewe haupatikani mpaka ujue nyota ina ukubwa gani, na hapo ndipo waandaaji wa orodha za sayari hizi wanapotofautiana.

Wengi hukusanya yaliyochapishwa. Hifadhidata ya NASA, kwa mfano, huweka seti kadhaa za vipimo vya sayari moja na kuteua mojawapo kuwa ya msingi. Njia hii ni ya haraka, na sayari zilizothibitishwa zimeshapita 5,000. Lakini sayari mbili zinazofuatana kwenye orodha huenda zilipimwa kwa mbinu tofauti kabisa, hivyo tofauti yao ikawa ya watafiti tu.

Wengine, kama John Southworth wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, wamerudia hesabu za sayari nyingi kwa mbinu moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini mimi naiunga mkono. Mwaka 2017, baada ya nyota zaidi ya 1,300 zilizochunguzwa na Kepler, darubini ya angani ya kutafuta sayari, kupimwa upya kwa utaratibu mmoja kwa darubini ya Keck, ilibainika kuwa sayari zenye ukubwa wa kati ya mara 1.5 na 2 wa Dunia ni chache mno. Pengo hilo lilikuwepo siku zote, ila makosa ya vipimo yalilifukia. Tena kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo huwa karibu asilimia 30 kwenye msongamano, na msongamano ndio unaotuambia kama sayari ni mwamba au gesi.

Hata hivyo, mbinu moja haioni kila kitu. Nyota ikiwa na mwenzake aliyejificha karibu, mwenye mwanga sawa na wake, sayari itaonekana ndogo kwa mara 1.4 kuliko ilivyo. Jambo hilo hugunduliwa na timu iliyoikazia macho nyota hiyo moja, na matokeo yake yasitupwe kwa sababu tu hayalingani na mengine.

Ninachodai ni kwamba kila kipenyo kiandikwe pamoja na uwiano uliopimwa na ukubwa wa nyota uliotumika. Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, ilipotoa vipimo vipya vya umbali wa nyota mwaka 2018, ukubwa wa maelfu ya nyota, ambao hukokotolewa kwa kutumia umbali huo, ulirekebishwa. Mwenye uwiano mkononi alihitaji kuzidisha tu apate kipenyo kipya.