Senta bora wa muda wote: mechi imebana, dakika mbili zimebaki, mpira unampa nani?

Mjadala wa senta bora wa muda wote kwenye kikapu kila ukianza unaishia palepale. Mmoja anataja pointi 100 za Wilt Chamberlain, mwingine anamjibu na pete 11 za ubingwa za Bill Russell, wa tatu anasema hao wote wangekutana na Shaquille O'Neal (Shaq) angewapeleka puta, na hapo sauti zinapanda na hakuna tena anayemsikiliza mwenzake. Ninavyoona mimi shida ni kwamba kila mtu anakuja na kipimo chake afu anadhani wote tunapimia hichohicho. Changu nakisema mapema kabisa: senta, yule mrefu wa chini ya ringi, ni mchezaji anayesubiri wenzake wamletee mpira, sio kama pointi gadi anayetoka nao nyuma mwenyewe, kwahiyo swali langu la kwanza sio alifunga ngapi kwa msimu. Nauliza hivi, mechi ikibana, zimebaki dakika mbili, timu inaweza kumpa mpira bila wasiwasi? Na mpira ukienda upande wa pili anazuia au anafichwa? Ukipima hivo kuna majina makubwa sana yanaanza kuyumba.

Tuanze na Wilt Chamberlain maana ndo kimbilio la wengi. Namba zake zinatisha na hakuna haja ya kuzipunguza. Msimu wa 1961-62 alipiga wastani wa pointi 50.4 na ribaundi (mipira anayoidaka shuti likikosa) 25.7 kwa mechi, na alicheza wastani wa dakika 48.5 wakati mechi yenyewe ni dakika 48, yani hatoki, na zile za nyongeza anamaliza yeye. Tarehe 2 Machi 1962 pale Hershey, Pennsylvania akawafunga Knicks ya New York pointi 100 peke yake. Mwaka 1964 ligi ya NBA ya Marekani ilipanua eneo la chini ya ringi kutoka futi 12 hadi 16 kwa sababu ya watu kama yeye, kama walivyolipanua kutoka 6 hadi 12 mwaka 1951 kwa sababu ya George Mikan. Wanaompinga wanasema zile zilikuwa enzi za timu tisa na mchezo wa mbio mbio, mashuti kibao, ribaundi kibao. Ni kweli, ila wenzake walicheza ligi hiyohiyo na spidi hiyohiyo na hakuna hata mmoja aliyezisogelea hizo namba, kwahiyo hoja ya enzi peke yake haitoshi kumshusha.

Kinachomshusha kwangu ni mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa faulo. Siku ya zile pointi 100 alifunga mitupo huru 28 kati ya 32, na alikuwa anarusha kwa chini, mikono miwili inatokea magotini kuja juu. Dawa ilikuwa mkononi mwake na imeshafanya kazi, sasa jamaa akaiacha! Mwenyewe alikuja kusema aliacha kwa sababu alikuwa anaona aibu kurusha vile. Akamaliza maisha yake ya mpira na asilimia 51 tu. Hii inaniuma mpaka leo, mtu mwenye kipaji kile, nguvu zile, anaruhusu macho ya watu yamnyang'anye kitu kilichokuwa kinamsaidia, maana senta wa asilimia 51 ukimpa mpira mwishoni unawapa wapinzani ruhusa ya kumchezea faulo.

Angalia 1968. Sixers, timu ya Wilt, wanaongoza 3-1 dhidi ya Boston ya Russell, wanarudishwa mpaka mechi ya saba, na kipindi chote cha pili cha mechi hiyo Wilt anarusha mashuti mawili tu. Watetezi wake wanasema mpira haukumfikia. Sawa, lakini kwa mtu anayeitwa bora wa muda wote hilo si jibu dogo. Hapohapo nimtendee haki: 1969 fainali, mechi ya saba, akiwa Lakers sasa, aliumia goti akatoka, akaomba kurudi, kocha wake Butch van Breda Kolff akagoma, Lakers wakafungwa 108-106. Hiyo siwezi kumbebesha yeye. Na kitu ambacho watu wa namba hawapendi kukizungumzia ni kwamba mataji yake yote mawili, 1967 na 1972, aliyapata alipopunguza kufunga akaanza kugawa na kuzuia, tena ile Lakers ya 1972 ilishinda mechi 33 mfululizo na yeye anafunga chini ya pointi 15 kwa mechi.

Sasa Russell. Huyu ndo anayekisumbua kipimo changu kuliko wote, maana kwenye kushambulia alikuwa wa kawaida: pointi 15.1 kwa mechi, mashuti asilimia 44, mitupo huru 56. Ukiangalia hizo tu unamuweka mbali sana. Wanaompinga wanaongeza kwamba alizungukwa na magwiji wa Boston, Cousy, Sharman, Heinsohn, Sam Jones, Havlicek, na kwamba miaka mingi Boston ilihitaji kushinda raundi mbili tu ichukue kombe. Yote kweli. Lakini Cousy na Sharman walikuwepo Boston kabla hajaja na hawakuchukua kitu, alipokuja wakachukua 11 kwenye misimu 13, na alipostaafu 1969 msimu uliofuata Boston hata mtoano hawakuingia na Havlicek yupo palepale. Mechi za saba kacheza kumi, kashinda zote kumi. Moja ya hizo ni fainali ya 1962 dhidi ya Lakers, ilienda mpaka muda wa nyongeza, akamaliza na pointi 30 na ribaundi 40. Arobaini!

Na bloku zake, yani mashuti aliyoyazuia hewani, hatuwezi hata kuzihesabu kwa sababu ligi ilianza kuziandika rasmi msimu wa 1973-74, yeye ameshaondoka zamani. Ila hata namna yake ya kublok ilikuwa tofauti, wengi wanaupiga mpira uende majukwaani watu washangilie, yeye alikuwa anaugusa tu ubaki ndani, unamdondokea mwenzake, na kabla mpigaji hajajua kilichotokea Boston wako upande wa pili wanafunga. Hiyo ni bloku yenye thamani ya pointi nne, mbili umezinyima na mbili umezipata. Halafu mbili za mwisho, 1968 na 1969, alichukua akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, kocha mkuu mweusi wa kwanza NBA. Anayesema Russell ni namba moja simbishii kwa nguvu, namwambia tu kwamba timu yake haikuwahi kulazimika kumpa mpira mwishoni ili ishinde, kwahiyo nusu ya swali langu hakuwahi kuulizwa.

Aliyeulizwa lote, na kwa miaka 20, ni Kareem Abdul-Jabbar. Tuzo sita za MVP, yani mchezaji bora wa msimu, mpaka leo hakuna aliyemfikia, ubingwa sita, pointi 38,387 ambazo zilikaa kileleni mpaka LeBron alipozipita Februari 2023. Lakini sitaki kusimamia namba tu maana nimeshasema namba zinadanganya kwa Wilt. Kwa Kareem kikubwa ni ile skaihuku, shuti lake la mkono mmoja. Anapokea mpira kampa beki mgongo, anapiga hatua moja, bega la kushoto linabaki katikati ya beki na mpira, mkono wa kulia wa mtu huyu wa sentimita 218 unapanda moja kwa moja juu na mpira unaachiwa pale juu kabisa. Beki anajua kinachokuja, uwanja mzima unajua, na bado hakuna cha kufanya. Mechi ya sita ya fainali 1974, Boston, muda wa nyongeza wa pili, Bucks ya Milwaukee, timu yake ya kwanza, wako nyuma kwa pointi moja zimebaki sekunde chache, mpira anapewa yeye, anazungukia upande wa mstari wa mwisho, mbali na ringi, skaihuku, ndani. 102-101. Ukimchezea faulo nako anafunga zaidi ya asilimia 72. Huyo ndo senta unayempa mpira.

Wanaompinga wana hoja nzito na lazima zisikike. Ile fainali ya 1974 mechi ya saba walifungwa, tena nyumbani. Alipohamia Lakers 1975 alikaa misimu minne bila fainali hata moja mpaka Magic Johnson alipokuja, kwahiyo watu wanauliza, je ni yeye au ni Magic? Na 1983 Moses Malone alimtesa kwenye ribaundi Sixers wakawafagia Lakers 4-0, Kareem alionekana mzee kabisa. Mi hii ya 1983 naikubali kama ilivyo. Ya Magic naikubali nusu tu, kwa sababu fainali ya 1980 watu wanakumbuka mechi ya sita Magic alivyopiga pointi 42 Kareem akiwa nje na kifundo cha mguu, wanasahau kwamba kwenye zile mechi tano za mwanzo Kareem alikuwa na wastani wa pointi 33.4 na ndo aliyeifikisha timu pale. Na bila Magic alishachukua 1971 Milwaukee.

Kinachonimalizia kabisa ni 1985. Ana miaka 38. Mechi ya kwanza ya fainali Boston wanawachapa Lakers 148-114, Kareem ana pointi 12 na ribaundi 3, kila mtu anasema mzee ameisha. Mechi ya pili anarudi na pointi 30, ribaundi 17, asisti (pasi za kufungisha) 8 na bloku 3, Lakers wanashinda, na mwisho wanachukua kombe palepale Boston Garden, mara ya kwanza kabisa Lakers kuwafunga Celtics kwenye fainali. Akapewa MVP wa fainali, miaka 14 baada ya ile ya kwanza. Sijaona senta mwingine mwenye kitu kama hicho.

Shaq ndo mwenye kesi inayonipa kazi dhidi ya kipimo changu mwenyewe. Asilimia 52.7 ya mitupo huru, timu zilikuwa zinamchezea faulo makusudi, na fainali ya 2000 mechi ya pili Indiana walimpeleka mstarini mara 39, akafunga 18 tu. Lakini alimaliza na pointi 40 na Lakers wakashinda! Wastani wake fainali ile ni 38 na ribaundi 16.7. Maana yake kuna kiwango cha nguvu kikifika hapo udhaifu unamezwa. Nakubali kwamba kwa miaka mitatu ile, 2000 mpaka 2002, hakuna aliyekuwa hazuiliki kama yeye. Ninachomnyima ni miaka mingine, misimu 19 na MVP moja, na kila timu ikija na senta wa kumvuta mbali na ringi anachelewa.

Na aliyemuonesha mapema kwamba nguvu haitoshi ni Hakeem Olajuwon. Mtoto wa Lagos, alikuwa kipa wa mpira wa miguu na mcheza mpira wa mikono, kikapu ameanza kukigusa ana miaka kama 15, na miguu ile ya kipa ndo iliyozaa Dream Shake, ujanja wake wa kumyumbisha beki. Ona alivyomfanyia David Robinson 1995, Robinson ndo kwanza amepewa MVP ya msimu: Hakeem anapiga mpira chini akimtazama usoni, anakata kulia anageuka kushoto, Robinson anamfuata vizuri tu, Hakeem anainua mpira kama anarusha, Robinson anaruka, na Hakeem anapita chini ya mikono yake anaweka mpira taratibu. Wastani wa pointi 35.3 dhidi ya mmoja wa mabeki bora wa enzi ile. Fainali akawafagia Orlando ya Shaq 4-0, na Rockets, timu ya Hakeem, walikuwa wa sita upande wao wa ligi. Mwaka mmoja nyuma yake alichukua MVP, beki bora na MVP wa fainali msimu mmoja, hakuna mwingine aliyewahi.

Watu wanasema alichukua kwa sababu Jordan hakuwepo. Kwa 1994 sawa, ila 1995 Jordan alirudi Machi, na waliowatoa Bulls ni haohao Orlando aliowafagia. Hoja ya kweli dhidi ya Hakeem ni ile miaka ya katikati, 1988 mpaka 1991 anatolewa raundi ya kwanza kila mwaka, na 1992 hata mtoano hakuingia. Timu zake zilikuwa dhaifu, lakini Kareem na timu dhaifu alikuwa anabeba MVP. Kwahiyo kwangu Kareem wa kwanza, Russell wa pili, Hakeem wa tatu kwa urefu wa kazi, ingawa kama ni msimu mmoja tu nachagua Hakeem wa 1994 mbele ya wote, kwa sababu huyo hakuwa na sehemu ya kufichwa.

Amebaki Nikola Jokić, na huyu anaharibu hata sentensi yangu ya kwanza kuhusu senta, kwa sababu yeye hasubiri kuletewa mpira, mpira unapita kwake kwenda kwa wengine. Kachaguliwa wa 41 ligi ilipogawana wachezaji wapya mwaka 2014, leo ana MVP tatu, na kwenye mtoano wa 2023 aliongoza kwa jumla ya pointi, ribaundi na asisti, mchezaji wa kwanza kufanya hivo, akachukua ubingwa na Denver. 2024-25 akamaliza msimu mzima na wastani wa tripo-dabo, yani kuanzia kumi kwenye pointi, ribaundi na asisti, hakuna senta mwingine aliyewahi. Dakika mbili za mwisho kwake hazina swali kabisa, mitupo huru zaidi ya asilimia 80, na ukileta watu wawili anampa aliye wazi kabla hujageuka. Swali lake liko upande wa pili, halindi ringi kama hao watatu, na timu zinamtafuta makusudi zimvute nje. Kwenye kushambulia namuweka juu ya Wilt na Shaq leo hii. Kumgusa Hakeem atahitaji ubingwa mwingine, tena aupate akiwa anazuia.