Ziwa Turkana na wageni wake: mbuta, upepo na ufuo usiotulia

Wanaotaka watalii wa boti, ndoana na hema waongezwe Ziwa Turkana hupenda kuanza na uzuri wake. Sidhani hiyo ndiyo hoja yao bora. Uzuri upo, hakuna anayebisha: maji ya kijani yenye urefu wa kilomita 250 hivi, katikati ya miamba myeusi ya volkano, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 250. Lakini Kenya haina upungufu wa maziwa mazuri, na la Naivasha liko karibu na Nairobi kiasi cha kwenda na kurudi siku moja.

Hoja yenye uzito ni kwamba Turkana kuna vitu ambavyo huvipati kwingine. Kisiwa cha Kati kina maziwa madogo matatu ndani ya mashimo ya volkano, na mamba huzaliana humo. Na kwa mvuvi wa ndoana kuna mbuta, yule anayeitwa sangara Tanzania. Ziwa Victoria alipandikizwa katika miaka ya 1950, akawamaliza samaki wengi wa asili. Turkana ni kwao. Kule ukimvua unampunguza mvamizi. Huku unamvua mwenyeji, kwa hiyo desturi ya kumpiga picha na kumrudisha majini ina maana zaidi. Ila jaribu kumweleza mvuvi wa Kalokol, ufuo wa magharibi, anayeanika samaki wake juani kwa kukosa barafu, kwamba umesafiri siku mbili umtafute samaki mkubwa, umshike, kisha umwachilie. Atakusikiliza kwa adabu.

Upande wa pili huanza na upepo, na hapo ndipo nami huanza kusikiliza. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna pengo, na upepo wa kusini-mashariki hubanwa humo ukaongeza kasi. Hukolea usiku, na asubuhi mara nyingi bado unavuma. Ile kawaida ya kudamka ukute maji yametulia, waliyoizoea wavuvi wa maziwa mengine, hapa inaweza kukuponza. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa kisayansi wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, na hawakuonekana tena. Boti za leo zina injini, sawa, lakini mawimbi ni yaleyale na mamba bado wapo.

Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Marsabit. Ukipiga kambi katika ukanda uliochaguliwa kwa sababu upepo wake haukatiki, hema la bei rahisi halikufikishi asubuhi. Maeneo yenye miamba ya Loiyangalani, mji mdogo wa ufuo wa kusini-mashariki, kigingi hakiingii ardhini; kamba hufungwa kwenye mawe makubwa, na mlango huelekezwa kaskazini-magharibi ili upepo upige kisogo cha hema. Maji ya ziwa yana magadi, kwa hiyo ya kunywa utayabeba. Na kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Ethiopia, wavuvi wa Kiturkana na wa Kidassanech wamekuwa wakipigana mara kwa mara. Huko si pa kwenda likizo, angalau kwa sasa.

Halafu kuna ufuo wenyewe. Hakuna mto unaotoka ziwani humu. Maji huingia, mengi kutoka Mto Omo wa Ethiopia, na kuondoka kwa mvuke. Mvua ikizidi milimani ziwa hupanda, ukame ukija hushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kalokol ilijengewa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Gharama za kuwagandisha zikashinda faida, na kabla mwongo ule haujaisha Ghuba ya Ferguson, iliyo jirani na Kalokol, ilikuwa imekauka. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka. Ziwa limemeza fuo, na Komote, kijiji cha Waelmolo, kikakatwa na nchi kavu hadi watoto wakawa wanakwenda shule kwa mashua. Bwawa la Gibe III, lililojengwa na Ethiopia kwenye Mto Omo na kuzinduliwa mwaka 2016, limeongeza shaka juu ya maji yatakayokuja. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Anayetaka kujenga hoteli ya kudumu mita chache kutoka majini aeleze kwanza ni ufuo wa mwaka gani anaoutegemea.

Kwa hiyo hema ni bora kuliko hoteli? Kwa mazingira, ndiyo. Kwa mfuko wa mwenyeji, si lazima. Barabara ya kutoka Laisamis kuelekea Loiyangalani, iliyoboreshwa kwa ajili ya mradi wa umeme, imerahisisha safari ya mgeni anayekuja na maji yake, chakula chake na mafuta yake. Huyo analala usiku mbili, anapiga picha, anaondoka. Amewaachia nini watu wa pale?

Kuna kitu kimoja ambacho wengi wa wageni hao hawaji nacho: boti, pamoja na mtu anayelijua ziwa. Hapo ndipo pesa inaweza kumfikia mwenyeji moja kwa moja, na ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Watetezi wa utalii huzungumzia vitanda na vyumba, wapinzani huzungumzia mazingira, na boti huachwa ijitegemee. Ningekuwa na fedha za kuwekeza pale, ningeanzia hapo: jaketi okozi za kutosha, injini ya akiba, redio, na kukodisha boti kupitia vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo badala ya dalali wa mjini.

Na bei ipangwe kwa siku, isipangwe kwa safari. Nahodha anayelipwa tu akivuka atavuka, hata akiwa ameliona wimbi. Akisema leo hatuendi, malipo ya siku hiyo yabaki yake, na mgeni aelezwe hivyo kabla hajatoka Nairobi.