Kigoma ina miezi miwili

Kila ninapokaa na kijana anayetaka kufungua biashara hapa Kigoma, swali lake la kwanza huwa ni la mtaji, na la pili huwa ni la fremu: ipatikane wapi, kodi yake kiasi gani, na kama mwenye nyumba atakubali kulipwa ya miezi mitatu badala ya sita. Ni maswali ya haki. Lakini katika miaka yote niliyouza duka karibu na mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki, sijaulizwa hata mara moja swali ambalo naamini lingewaokolea watu fedha nyingi kuliko hayo mawili, nalo ni hili: faida ya biashara hii nitaihesabu kwa kipindi gani? Wengi wetu huihesabu kwa siku. Jioni unafunga, unamimina pesa mezani, unaziona zimezidi za jana, unalala na furaha. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na mwaka huo ulinilia karibu nusu ya mtaji.

Kwa msomaji asiye wa huku, lazima nieleze kwanza jinsi fedha inavyotembea mjini kwetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini kanuni haijabadilika: giza likiwa zito, mwanga wa taa huwavuta dagaa wakakusanyika, na wavuvi wakawazoa. Mwezi unapopevuka, ziwa zima hung'aa, taa hupoteza nguvu yake, na kwenda majini kunakuwa kuchoma mafuta bure. Kwa hiyo katika kila mwandamo wa mwezi kuna kama wiki moja, na mara nyingine zaidi, ambapo maboti hupumzika mchangani, nyavu hushonwa, na vijana hucheza bao kutwa. Sisi husema tu kwamba ni mbalamwezi, na kila mtu ameelewa.

Asiyevua wala kuuza samaki hudhani jambo hilo halimhusu, na hapo ndipo kosa lilipo. Boti lisipotoka, kuli hana mzigo wa kubeba, mama wa kuanika hana cha kuanika, bodaboda hana wa kumpeleka Mwanga sokoni, na mama ntilie anapika nusu ya sufuria. Kinyozi naye hupata wateja wachache, kwa sababu nywele zinaweza kungoja giza lirudi. Fedha ya ziwa hupita katika mikono mingi kabla haijafika kwako, na wewe unayeuza sabuni na sukari uko mwisho wa mnyororo huo, unapokea mtikisiko bila kujua ulikoanzia.

Halafu upo mwezi wa pili, ule wa kalenda, wa walimu, wauguzi, askari, wafanyakazi wa reli na wa bandari. Mishahara hutoka siku za mwisho wa mwezi bila kujali kama angani kuna giza au mwanga. Ipo miezi ambayo mshahara huangukia katika giza, na mji mzima huchangamka kana kwamba kuna harusi kila mtaa. Ipo pia miezi ambayo mbalamwezi huangukia katikati ya tarehe, siku ambazo hata mwalimu ameishiwa, na hizo ndizo siku za kumjua mfanyabiashara.

Mambo haya sikuyagundua kwa akili zangu. Jirani yangu, mama mmoja anayeanika dagaa na kuwasafirisha Dar es Salaam, alikuja kununua kiberiti jioni moja akiwa na kaunta buku lake kwapani, akaliweka mezani wakati anatafuta chenji. Lilikuwa limefunguka. Pembeni mwa kila tarehe alikuwa amechora kiduara: siku nyingine amekijaza wino mweusi, nyingine amekiacha cheupe, na nyingine amekijaza nusu tu. Nikamuuliza kama anapiga ramli. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "hapo kwenye vyeusi ndipo ninapopata. Kwenye vyeupe ndipo ninapojua kama nimepata kweli."

Usiku huo nilirudi kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo kwa bahati lilikuwa na mauzo ya kila siku ingawa sikuwahi kuyajumlisha, na hesabu ikatoka hivi. Siku za giza nilikuwa nauza wastani wa shilingi 60,000, na siku za mbalamwezi 20,000. Katika kila shilingi 100 ya mauzo, 20 tu ndiyo ilikuwa yangu; 80 ilikuwa ya kurudisha mzigo. Maana yake siku ya giza nilibaki na 12,000, na kwa kuwa nilikuwa nachukua 5,000 ya nyumbani kila jioni, nilijiona mtu mwangalifu kabisa anayebakiza 7,000. Tatizo ni kwamba ile 5,000 niliichukua pia siku za mbalamwezi, ambazo faida yake ilikuwa 4,000. Nilikuwa nakula mzigo wangu mwenyewe, tena bila kushiba.

Tuichukulie hesabu hiyo kwa mwandamo mzima. Siku 20 za giza huleta mauzo ya 1,200,000 na siku tisa za mbalamwezi huleta 180,000, jumla 1,380,000. Faida kabla ya matumizi ni 276,000. Ondoa kodi ya fremu 50,000, umeme 15,000, nauli ya kubeba mizigo 30,000, mifuko na takataka nyingine 10,000, na fungu la kodi ya serikali na leseni 50,000. Inabaki 121,000. Nyumbani nilikuwa nimepeleka 145,000. Pengo la shilingi 24,000 halionekani kwa macho, hasa rafu zikiwa bado zimejaa mbele na tupu nyuma, lakini kwa miandamo 12 ni 288,000, nami nilianza na mtaji wa 600,000.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba asijipangie posho ya nyumbani kwa kuangalia siku yake nzuri. Aandike mauzo kwa mwandamo mmoja kamili, toka giza hadi giza, atoe gharama zote, kisha kinachobaki akigawe kwa idadi ya siku zote, nzuri na mbaya. Kwangu jibu lilikuwa kama 4,100 kwa siku. Nilishusha posho ikawa 3,500, na mke wangu hakufurahi, jambo ambalo sitalificha, kwa sababu waandishi wengi wa makala za biashara huandika kana kwamba mfanyabiashara haishi na watu.

Kosa langu jingine lilikuwa friji. Nilikuwa nimepita katika giza zuri lililokutana na mishahara, nikawa na shilingi 350,000 taslimu sandukuni, nikaona sasa ni wakati wa kuuza soda baridi. Nikanunua friji kuukuu. Siku kumi baadaye mbalamwezi iliingia, sukari iliisha, na sikuwa na fedha ya kuagiza mfuko mwingine, huku friji likiwa limesimama pale likivuma na kula umeme. Mteja anayekosa sukari kwako hununua sukari na sabuni na chumvi kwa jirani, na kesho yake haoni sababu ya kurudi. Fedha iliyomo sandukuni siku ya mwisho ya giza karibu yote ni ya mzigo na ya siku zijazo. Kitu kikubwa, kama ni friji au mizani mpya, kinunuliwe kwa kile kilichobaki baada ya mbalamwezi kupita.

Mikopo ndiyo inayoniudhi zaidi. Ile inayoitwa kausha damu imeenea mjini kama magugu, nayo hutaka rejesho la kila siku. Mkopaji hupewa tuseme 300,000 na kutakiwa kurudisha 390,000 kwa siku 30, yaani 13,000 kila jioni. Ilinganishe na duka langu: siku yangu nzuri ilikuwa na faida ya 12,000, na siku mbaya 4,000. Mkopo wa namna hiyo hauwezi kulipwa na duka hata siku moja ya mwezi; unalipwa na mzigo, na mzigo ukiisha unalipwa na godoro na televisheni. Watu husema aliyekopa ni mjinga. Mimi sikubali. Aliyekopa alipiga hesabu kwa siku, kama nilivyofanya mimi, na mkopeshaji alijua hivyo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha umma kibiashara anapaswa kuwa na leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Omba kuiona, na akianza kukunja uso, ondoka. Lakini hata mwenye leseni, muulize kama anaweza kupokea rejesho mara moja kwa mwezi, nawe upange siku hiyo iwe ya giza.

Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu iko njia nyingine, nayo ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hutolewa hasa kwa vikundi, na ugumu wake uko hapo hapo, kwa kuwa kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka huvunjika wiki moja baada ya fedha kuingia. Anayeitaka aanze na watu ambao tayari wamekuwa wakicheza upatu pamoja bila kudhulumiana.

Kuhusu leseni ya manispaa na namba ya mlipakodi sina maneno mengi: namba hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa hiyo usimlipe mtu wa kati. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daftari lenyewe lina bei. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hakutakiwa kulipa kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya milioni 6 alitakiwa kulipa 100,000 kama hana kumbukumbu za mauzo, lakini kama anazo alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Kwa mwenye mauzo ya milioni 9 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 250,000 bila kumbukumbu, na 150,000 akiwa nazo. Kaunta buku halifikii bei hiyo hata ukinunua la jalada gumu.

Kukopesha wateja hakukwepeki. Wanaoandika kwamba usikopeshe kabisa hawajawahi kuuza duka mtaani, ambako mteja ni shemeji wa mwenye fremu, au ni yule aliyesaidia kubeba jeneza la mzee wako. Nilichojifunza ni kupanga deni kwa mwezi wa mteja. Mwalimu mkopeshe mpaka mshahara. Mvuvi mkopeshe katika mbalamwezi, kwa kiasi kisichozidi faida yako ya siku tatu, na siku ya kulipa isemwe wazi kuwa ni usiku wake wa pili wa kwenda majini. Ukimdai tarehe 30 wakati boti liko mchangani, unatafuta ugomvi tu. Vivyo hivyo na wewe unapochukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla: mwambie utalipa giza, usimwambie wiki ijayo.

Mwaka 2024 tulipata somo kubwa kuliko mbalamwezi yoyote. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na kwa upande wetu uvuvi ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Naunga mkono nia yake, kwa kuwa ziwa likiisha hakuna duka litakalobaki. Lakini ilidhihirika nani alikuwa na mteja mmoja tu. Waliovuka salama ni wale waliokuwa na mguu mwingine mahali pengine: aliyekuwa akiuza mawese na unga wa muhogo kwa wasafiri wa treni, aliyekuwa akipokea maharage kutoka Kasulu na kuwauzia shule, aliyekuwa na wanunuzi wanaovuka kutoka Kalemie na Bujumbura. Hawakuwa na mitaji mikubwa kuliko wengine. Mmoja wao alikuwa na meza tu, tena ya kuazima, karibu na stesheni.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji alikuja kuniambia amepata fremu na anataka kufungua giza hili, wakati watu wana fedha. Nilimshauri angoje, afungue mbalamwezi ikiingia. Mwenye nyumba hulegeza bei siku hizo, muuzaji wa jumla ana muda wa kuzungumza, na namba za kwanza atakazoandika kwenye daftari zitakuwa za siku mbaya, hivyo hata posho yake ataipangia humo. Aliniangalia kama mtu anayemzuia riziki. Alipoondoka nikaona amesimama nje ya duka, amenyanyua shingo, anautafuta mwezi.