Msikitupie Lawama Kivinjari cha Mkulima

Jibu lililonikera lilikuja kwa sentensi moja, kutoka kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyotengeneza tovuti ya bei za korosho kwa chama kimoja cha ushirika huku kwetu Mtwara: “Hiyo ni kasoro ya kivinjari, mwambieni mtumiaji asasishe.” Yaani kosa ni la programu anayofungulia tovuti. Mtumiaji mwenyewe ni mjomba wangu wa Tandahimba, ambaye siku ya mnada aliifungua tovuti hiyo, akakuta mbele ya neno “Bei” tarakimu zimeandamana hivi: 3,1202,980. Akanipigia simu kuuliza, “Mjomba, hii ni bei ya kilo au ya gunia?” Zilikuwa bei mbili, ya juu na ya chini, ambazo zilipaswa kutenganishwa na nafasi, na nafasi hiyo haikuwepo.

Sababu yake ilionekana mara nilipousoma msimbo wa ukurasa. Msanifu alizipanga bei hizo kwa fleksiboksi, njia ya kupanga vitu kwa mstari, na kazi ya kuzitenganisha akaiachia peke yake kanuni ya gap, inayoacha nafasi kati ya kitu na kitu. Kivinjari cha Chrome kilianza kuitekeleza gap ndani ya fleksiboksi katika toleo la 84, Julai 2020, ilhali simu ya mjomba ni ya Android 4.4, mfumo ambao toleo la mwisho la Chrome kwake ni la 81. Toleo hilo huijua gap kwenye gridi tu, yaani mpangilio wa safu na nguzo. Kwenye fleksiboksi huisoma na kuipita kimyakimya, bila kumwonya yeyote. Kivinjari hakikuharibika, wala hakikukosea hesabu. Kilifanya kile kilichoundwa kufanya, na hakuna kitufe cha kusasisha ambacho mjomba angekibonyeza akapata zaidi. Kumwambia asasishe ni kumwambia anunue simu nyingine, ila kwa maneno ya adabu.

Nakubali, bila furaha, kwamba walioweka viwango vya kurasa za mtandao hawakuturahisishia kazi. Ukiuliza kwa @supports, kanuni ya kukihoji kivinjari, kama kivinjari kinaijua gap, toleo la 81 litakujibu kuwa linaijua, kwa sababu ya gridi, kisha kwenye fleksiboksi usipate kitu. Msanifu anayetegemea swali hilo atadanganywa. Hata hivyo dawa ilikuwapo zamani: kanuni ya margin, inayoacha nafasi kandokando ya kitu, imo katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, tangu toleo lake la kwanza la Desemba 1996, na mstari mmoja wa margin ungezitenganisha bei hizo kwenye simu ya mjomba na kwenye kompyuta ya mkurugenzi vilevile.

Wala asidhani mtu kuwa tatizo hili ni la simu za bei poa tu. Safari, kivinjari cha Apple, ilipata gap ya fleksiboksi katika toleo la 14.1, Aprili 2021, na iPhone 6 iliishia kwenye mfumo wa iOS 12. Kwa kuwa Safari husasishwa pamoja na mfumo wa simu, na Chrome ya kwenye iPhone hiyo nayo huendeshwa na WebKit, injini ileile ya Safari inayochora kurasa, bwana mkubwa wa Shangani, Mtwara mjini, mwenye simu hiyo angeiona bei ileile ya ajabu. Sijui kama naye angejibiwa kwa sentensi moja.

Kasoro za kweli za vivinjari zipo, na waliosanifu kurasa enzi za Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, wanazikumbuka: kisanduku kilichosogezwa kushoto kwa kanuni ya float kiliweza kuongezewa margin ya kushoto mara mbili, na tiba yake, kwa miujiza tu, ilikuwa kuandika display: inline, kanuni isiyohusu nafasi hiyo hata kidogo. Hapo lawama ilikuwa halali. Urefu wa 100vh, yaani wa kioo kizima, kwenye simu, unaoficha kitufe cha chini nyuma ya upau wa kivinjari, umewatesa wengi pia, lakini siku hizi unaandika 100vh kwanza na 100dvh, urefu unaoufuata upau, chini yake, kivinjari cha zamani kinachukua wa kwanza, kipya kinachukua wa pili. Na kitochi chenye mfumo wa KaiOS 2.5, kinachotumia injini ya kivinjari cha Firefox 48, hakina gridi kabisa, kwa kuwa gridi ilifika katika toleo la 52; hapo napo si kasoro, ni umri.

Linalonichoma zaidi ni namna tovuti ile ilivyojaribiwa. Niliambiwa kwa fahari kwamba “ilipimwa kwenye simu zote”, na nilipodadisi nikabaini kuwa simu hizo zote zilikuwa za kuigizwa ndani ya Chrome ya kompyuta moja ya ofisini. Zana hiyo ya kuigiza simu hupunguza upana wa ukurasa na kujitambulisha kwa jina la simu, lakini injini inayochora inabaki ileile mpya ya kompyuta. Ni sawa na kupima mtumbwi kwenye beseni. Injini ya toleo la 81 haikuguswa hata mara moja, ingawa kazi nzima ilikuwa kumfikishia mkulima bei.

Siku ile ya mnada, karani wa chama alipiga picha kioo cha kompyuta yake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp, na wakulima wakazipata bei zao. Tovuti iliyolipiwa ikaishia kuwa picha, tena iliyopigwa kimshazari.

Ushauri wangu kwa viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya masoko ya mazao, kabla ya msimu ujao ni kwamba mkataba wa tovuti utaje kwa maandishi simu halisi na matoleo ya chini kabisa ya vivinjari, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka ukurasa wa bei ufunguliwe mbele ya wajumbe, kwa simu zilizotoka mifukoni mwa wanachama wenyewe.